Mbona Chemchemi Zetu Hazina Jina la Mfadhili

Mimi Ombati, Baba Kerubo, nimestaafu. Ofisini mmenipa saa ya ukutani na blanketi, nami nimerudi nyumbani kuangalia majani chai na migomba ambayo ilikuwa imeshasahau sura yangu. Lakini kabla sijanyamaza, na wanaonijua wanajua kunyamaza si kipaji changu, kuna swali ninyi vijana wa kitengo cha kutafuta wafadhili mmeniuliza mpaka siku ya kuniaga. Mnasema mashirika mengine yote huandika majina. Darasa lina jina, tangi lina jina, hata choo nimewahi kuona kina jina. Sasa mbona chemchemi zetu, kuanzia Marani mpaka ndani ya Nyamira, hazina jina la mtu hata moja? Nitawajibu. Nitaanzia mbali kidogo kwa sababu mwenye kalamu leo ni mimi.

Shule niliacha darasa la sita. Nilikuwa nauza mitumba soko la Marani, na sauti yangu ilikuwa inasikika kabla nguo hazijaonekana. Kanisa likiwa na harambee waliniita niendeshe mnada. Kuna jogoo mmoja nilimuuza siku hiyo mpaka akachoka yeye mwenyewe. Mtu ananunua, anamrudisha, ananunuliwa tena na shemeji yake ili asishindwe, anarudishwa tena. Jioni jogoo bado yuko kwenye kikapu, na kanisa limepata mabati. Aliyeanzisha shirika letu la maji alikuwa amekaa benchi la nyuma. Akaniita pembeni akaniuliza, "Wewe unaweza kuuza kitu ambacho mtu harudi nacho nyumbani?" Nikamwambia ndiyo kazi nimefanya tangu asubuhi. Hivyo ndivyo niliajiriwa. Wengine hapo mna digrii. Mimi nilikuwa na jogoo.

Siku ya kwanza nilipewa kiti, meza, na makaratasi ya Kiingereza marefu kuliko mahubiri. Nikayapanga vizuri, nikayawekea kikombe juu. Mweka hazina wetu wakati huo alikuwa Nyanchama, mama mwembamba aliyevaa miwani kwenye kamba, na ulimi wake ulikuwa unakata hata bila kunolewa. Aliniangalia mpaka mchana, kisha akasema, "Wewe kijana wa jogoo, ofisini hakuna mtu wa kukupa hata senti. Unangoja nini?"

Yeye ndiye alinifundisha kazi. Tulikwenda pamoja kwa mwenye duka mmoja pale Mosocho, na mimi nikaongea kama mvua ya Aprili. Nikaeleza shida, nikaeleza watoto wanavyougua, nikaeleza tena. Mwenye duka akatupa soda mbili akaturudisha barabarani. Nyanchama akasema, "Umeuliza, halafu ukajijibu, halafu ukamsamehe. Ukishauliza, funga mdomo. Kimya kikiuma, kiache kiume." Kisha akaongeza jambo ambalo nimeliishi miaka yote: "Mtu hatoi kwa sababu wewe una shida. Shida ziko kila nyumba. Anatoa kwa sababu kuna kitu ndani yake kinatafuta mlango. Kazi yako ni kuuliza mpaka uuone huo mlango."

Kwa hiyo nikawa mtu wa kuuliza. Nilikuwa na buti za mvua, kipaza sauti cha mkono, na chupa ya soda iliyojazwa maji ya mto kama yalivyo, na vitu vinavyoogelea ndani. Hiyo chupa niliweka mezani kwa mtu nikakaa kimya. Mkubwa mmoja wa benki alidhani nimemletea juisi ya ukwaju. Tulimwahi kabla hajafungua.

Msidhani kutafuta wafadhili ni kuomba tu. Mkurugenzi alikuwa na ofisi. Mimi nilikuwa na watu. Mwenye kutoa hamjui fundi, hamjui mhasibu, hajui ripoti imeandikwa na nani. Anajua mdomo uliomwahidi. Na mdomo ulikuwa wangu. Sasa niambieni, kati ya mwenye ofisi na mwenye ahadi, nani anaongoza? Mimi jibu nilikuwa nalo, ila sikulisema kwenye mikutano. Mara nyingi sikulisema.

Mama Moraa alikuwa na duka la mbegu na mbolea Kisii mjini. Wengi walikuwa wamemwendea wakarudi na kalenda tu. Nilipofika mara ya kwanza alikuwa nyuma ya wavu wa kaunta, anapima mbegu za sukuma wiki kwa kijiko, na hakuinua kichwa.

"Ukiwa unauza, sinunui. Ukiwa unaomba, Mungu akubariki."

Nikaona picha ya mwanamume ukutani. Nikauliza ni nani. Akasema ni mume wake, Mzee Ondieki, mtu wa Marani, alikuwa ameaga dunia si zamani.

"Alikuwa anapenda nini, Mzee?" nikauliza. Kisha nikafunga mdomo.

Wateja wawili walikuja, wakahudumiwa, wakaenda. Mimi nimesimama tu kama gunia lingine. Mwisho akaweka kijiko chini. "Alikuwa hapendi maji ya mjini. Alisema yana ladha ya bomba. Kila tukienda kwao alikuwa anateremka chemchemini kabla hajasalimia mtu."

Mlango ndio huo. Chemchemi ya kwao ilikuwa kwenye orodha yetu, haijajengwa, ng'ombe na watu wanakunywa pamoja. Mama Moraa akagharimia yote: simiti, mchanga, bomba, na lori la mawe. Fundi wetu alichimba kufuata maji mpaka akafika kwenye jicho lenyewe, pale yanapochemka kutoka ardhini. Akapanga mawe, akafunika kwa udongo wa mfinyanzi, akainua ukuta, akatoa bomba. Juu yake akachimba mtaro wa kukinga maji ya mvua, na chini mtaro wa kuyaondoa yanayomwagika. Mkumbuke hiyo mitaro miwili, kwa sababu chemchemi haiuliwi na jua. Inauliwa na tope. Mtaro wa chini ukiziba, maji hupanda mpaka yafunike bomba, na chemchemi ikifungwa pumzi huenda kutafuta mahali pengine pa kutokea. Inaweza kutokea kwenye shamba la mtu, au isitokee tena.

Kisha Mkurugenzi, kijana msomi, mpole, mwenye viatu vya kung'aa, akatoka semina Nairobi na jambo jipya. Alisema mfadhili lazima aonekane. Akaagiza jiwe la sabuni, lile laini la vinyago, kutoka Tabaka, likachongwa vizuri sana, likapigwa msasa mpaka likateleza: "Chemchemi ya Marehemu Mzee Ondieki." Likasimikwa katikati ya ukuta, juu ya bomba. Siku ya kufungua, mchungaji aliomba, kwaya ikaimba, na Mama Moraa alipoweka mkono juu ya yale maandishi alilia mpaka na mimi nikajifanya narekebisha kipaza sauti. Siku hiyo hiyo aliniambia, "Baba Kerubo, mkienda Nyamira kujenga zingine, msipite dukani kwangu bila kuingia." Ofisini tulishangilia. Kazi yote ya Nyamira ilikuwa imekalia neno hilo.

Misimu michache ya mvua ilipita, na fundi akaja na uso mrefu. Mitaro ya Marani imeziba. Tope limefika shingoni mwa bomba. Mvua moja kubwa, alisema, na chemchemi itahama.

"Watu wa huku ni wavivu," Mkurugenzi akasema. "Unawajengea, wanangoja uwafagilie pia."

Mimi ni mtu wa huku. Nilimwangalia, lakini sikujibu, kwa sababu jambo lenyewe lilikuwa linanisumbua kuliko matusi. Ile chemchemi ilikuwa inasafishwa tangu enzi za babu zangu. Kila mwaka kabla ya mvua mtu mmoja anaita risaga, yaani anaalika majirani waje na majembe wafanye kazi pamoja, na yeye aliyeita anawapikia. Mwaka huu anaita huyu, mwaka ujao yule. Hakuna aliyewahi kuandikwa jina. Watu waliosafisha shimo la ng'ombe miaka yote, wameshindwaje kusafisha mtaro wa simiti? Hicho kitu kiliniondoa ofisini. Nikavaa buti nikaenda.

Nikakaa juu ya jiwe karibu na ukuta. Wanawake wakapita na mitungi, hawasimami.

"Mnaenda wapi?"

"Mtoni."

"Na haya maji?"

"Haya yana tope."

"Si mlizoe?"

Wakaangaliana. Mmoja akacheka cheko la puani. "Si umwulize mwenyewe?"

"Mwenyewe nani?"

"Aai! Na wewe si mtu wa ofisi? Ameandikwa hapo. Soma."

Wakateremka. Nikabaki nalisoma lile jiwe kama mtu anayesoma mara ya kwanza.

Nikarudi ofisini nikaeleza. Mkurugenzi alifurahi, jambo lililonishangaza. "Basi ni rahisi," akasema. "Andaa ombi kwa Mama Moraa. Tuajiri mtu wa kusafisha kila mwezi."

"Mkurugenzi, nikimwomba Mama Moraa pesa za mtu wa kusafisha, tutakuwa tumetia muhuri kwamba maji ni ya kwake. Kesho ataombwa bomba, kesho kutwa ua. Na watu wataendelea kwenda mtoni."

"Unataka tufanye nini?"

"Jiwe litoke."

Aliweka kalamu chini polepole. "Mzee Ombati. Unataka twende kwa mjane, tumwambie tunang'oa jina la mumewe? Wakati Nyamira inangoja? Kazi yako ni kuleta pesa. Mambo ya miradi waachie watu wa miradi."

"Sikumwahidi pesa," nikasema. "Nilimwahidi kwamba watu wa kwao Ondieki watakunywa maji safi. Hawanywi. Mimi ndiye nilisema, na mimi ndiye nitakwenda."

"Akikasirika?"

"Atanikasirikia mimi. Wewe hakujui vizuri."

Hilo la mwisho lilimuuma, najua. Lakini lilikuwa kweli, na hakunikataza.

Vijana, njia yote mpaka dukani nilikuwa natafuta maneno, mimi ambaye maneno ndiyo shamba langu. Hakuna niliyopata. Kumwambia mtu kwamba zawadi yake ndiyo imeharibu kitu si sawa na kumwambia haitoshi. Ya kutotosha tumezoea.

"Karibu, Baba Kerubo," Mama Moraa akasema. "Leo umekuja na bahasha kubwa au ndogo?"

"Leo sina bahasha, mama."

"Basi mtu amekufa."

"Hakuna aliyekufa. Nataka Jumapili twende Marani, chemchemini. Nikikuambia hapa utasikia vibaya. Ukiona utasikia vizuri zaidi."

Alinitazama kupitia ule wavu. Nikafunga mdomo. Kimya kikauma, nikakiacha kiume.

"Jumapili," akasema. Yeye ni Msabato. Jumamosi hata mbolea haiguswi.

Tulipofika, tope lilikuwa limefika kwenye mdomo wa bomba. Maji yalikuwa yanatoka kwa kukohoa. Mama Moraa alisimama pale na viatu vyake vya kanisani, anaangalia jina limerukiwa na matope. Hapo ndipo Kwamboka akatokea na mtungi wake. Ni bibi wa boma la jirani, rika la mama yake Ondieki, na haogopi mtu isipokuwa Mungu, naye pia kwa kiasi.

"Nani huyu amevaa viatu vya harusi kwenye matope?"

"Ni mimi, mama. Mke wa Ondieki."

"Ondieki yupi? Yule wa ukuta?"

Nilitamani ardhi inimeze. Mama Moraa akageuka. "Alikuwa mtu kabla hajawa wa ukuta."

"Unaniambia mimi?" Kwamboka akatua mtungi. "Mimi nilimwona akinywa hapa amelalia tumbo kama ndama. Mama yake alishika jembe hapa pamoja na mimi, mpaka ana mimba yake huyo Ondieki. Wewe, mokamwana, mke wa mwanetu, tangu uletwe kama bibi arusi nyumba ile, umewahi kuzoa hata karai moja hapa?"

"Hamjawahi kuniita."

"Mwanzo ulikuwa mtu wa mjini, tukasema amechoka na safari. Halafu ukaleta jiwe. Sasa nani aite mtu ambaye jina lake liko ukutani? Mwenye kitu haitwi, mokamwana. Mwenye kitu ndiye huita. Tumekaa tunangoja uite. Mvua imekuja, hujaita. Imekuja tena, hujaita. Tukasema, haya, labda hapendi tunywe."

Naapa sikuwa nimelifikiria hilo. Nilijua wamesusa. Sikujua wanangoja. Nilikuwa nimeuliza swali zuri, lakini nikaondoka na nusu ya jibu, na nusu hiyo nikaibeba mpaka ofisini na kugombania.

Mama Moraa alikuwa anaiangalia ile mitaro. Mimi mdomo ulikuwa unaniwasha. Ningeweza kuingilia, kumtetea, kusema shirika linaomba radhi, kusema chochote. Nikakumbuka kwamba hapa hakuna aliyeniuliza.

"Nikiita," akasema mwishowe, "mtakuja?"

"Utapika nini?"

"Mama, mtakuja?"

"Nimekuuliza utapika nini. Sisi hatuendi risaga ya chai ya rangi."

"Nitapika wimbi. Na nyama. Na mboga ya chinsaga, ile chungu."

Kwamboka akabeba mtungi wake. "Mbuya mono, vizuri sana. Sema siku. Na uje na gamubuti, si hizo."

Tukapanda gari kurudi mjini. Nusu ya njia Mama Moraa akaniuliza, "Wewe ulitaka jiwe litoke, si ndiyo? Ndiyo sababu umenileta."

"Ndiyo, mama."

"Na ungeniambiaje?"

"Bado nilikuwa natafuta."

"Usitafute tena. Hilo jiwe si la ofisi yenu. Niachie mimi."

Ofisini Mkurugenzi aliuliza kama Mama Moraa amekasirika. Nikasema sijui. Akauliza Nyamira je. Nikasema sijui. Akasema kwa mtu anayejisifu kwamba anajua watu, leo najua machache. Nikakubali, kwa sababu nilikuwa na hamu ya kuona itakavyokuwa, na hamu ikizidi mtu hana nafasi ya kubishana.

Siku ya risaga walikuja mpaka nikashindwa kujua wametokea wapi. Wanaume na majembe, wanawake na makarai, wazee wa kutoa amri tu. Mama Moraa alikuwa amefika asubuhi na masufuria, na gamubuti, na leso kiunoni. Hakuna aliyemwonea huruma. "Mama wa mbolea, tope hilo halipimwi kwa kijiko!" mmoja akapaza sauti, na watu wakacheka, na yeye akacheka, akazoa. Mtaro wa juu ukafunguliwa, kisha wa chini. Maji yalipopata njia yalishuka kwa nguvu, yamechafuka kwanza, kisha yakaanza kusafika polepole, na bomba likaacha kukohoa. Fundi wetu akavua kofia.

Halafu Mama Moraa akamwita fundi akamwonyesha lile jiwe. Akamnong'oneza. Fundi akanitazama mimi. Nikamwonyesha kwa mkono kwamba anayetoa amri ni yule. Akaligonga pembeni taratibu kwa patasi, likatoka zima. Wanaume wawili wakalibeba. Mama Moraa alionyesha pale chini ya bomba ambapo wanawake huteleza wakiinua mtungi, akasema walilaze, maandishi yaangalie ardhi, na mgongo wake usiopigwa msasa uwe juu. Alipiga magoti akalishindilia changarawe pembeni kwa mikono yake. Hakulia. Kwamboka alisimama karibu naye wakati wote huo na, ajabu ya Mungu, hakusema kitu.

Tulikuwa tunanawa mikono kwa ajili ya chakula Mkurugenzi alipofika. Alikuwa amekuja na kamera, kwa ajili ya ripoti, na uso wa mtu aliyejiandaa kuomba radhi. Akasalimia watu kwa heshima, akamsalimia Mama Moraa kwa mikono miwili, akamwomba asimame karibu na jina la marehemu apigwe picha na maji safi. Akasogea mpaka kwenye bomba apate mahali pazuri. Akainua kamera. Akaishusha.

"Jiwe liko wapi?" akauliza. Akanigeukia mimi. "Mzee Ombati, jiwe liko wapi?"

"Unalikanyaga," Kwamboka akasema.

Mkurugenzi akaangalia chini. Akainua mguu mmoja, na viatu vile vinavyong'aa, akakosa pa kuuweka, akabaki hivyo kama korongo, huku matope yakiwa kila upande na watu wote wakimtazama. Akaanza kusema pole, pole sana mama, hakujua.

Mama Moraa akamfikia akamshika kiwiko asianguke.

"Kanyaga tu, mwanangu," akamwambia. "Liko hapo ili mtu asiteleze."